Ukungu kwenye vyombo vya pombe vya Mzee jirani

Najua nimepotea, zamu za usiku zimenibana. Na kabla kaka hajaanza kutangaza kwamba dada yenu huku Uingereza anapika gongo, ngoja nieleze.

Jirani yangu, mzee wa miaka 84, alianza kutengeneza bia jikoni kwake miaka ya 1960. Tangu 1880 sheria ya hapa ilimtaka mtu awe na leseni hata kama bia ni ya kunywa nyumbani, mpaka Waziri wa Fedha Reginald Maudling alipoifuta mwaka 1963. Vyombo vyake vimekaa bandani miaka minne, tangu mkewe afariki. Juzi akaniomba tuvifufue. Kufungua mfuniko, lahaula! Ukungu mweusi na wa kijani umetanda kama sufu. Mzee ana mapafu mabovu, kwa hiyo nikamfukuzia ndani, nikavaa barakoa, nikatoa kila kitu uani.

Nikiwa nasugua nikakumbuka jambo ambalo chuoni walitugusia tu: usafi wetu wa vidonda wodini una deni kwa mapipa ya pombe.

Mwaka 1856, mjini Lille, Ufaransa, bwana mmoja aitwaye Bigo alikuwa anatengeneza spiriti kwa viazisukari, na mapipa yake mengine yakawa yanaharibika. Akamwendea Louis Pasteur. Pasteur akachukua matone, akayatazama kwa hadubini. Kwenye pipa zima aliona chembe za mviringo za hamira. Kwenye lililoharibika aliona vijiti vidogo mno, na asidi ileile iliyomo kwenye maziwa yaliyochacha. Kumbe haikuwa bahati mbaya, kulikuwa na mgeni ndani ya chombo!

Mwaka 1865 daktari wa upasuaji wa Glasgow, Joseph Lister, akaisoma kazi hiyo. Siku zile mfupa ukivunjika na kutoboa ngozi, mara nyingi ulikuwa unakatwa mguu, au unakufa kwa usaha. Lister akawaza: kama vijidudu vinaharibu pombe, si ndivyo vinavyoozesha kidonda? Tarehe 12 Agosti akaletewa mtoto wa miaka 11, James Greenlees, aliyevunjwa mguu na gurudumu la mkokoteni. Akamfunga kidonda kwa kitambaa kilicholowa asidi ya kaboliki. Baada ya wiki sita hivi mfupa ukawa umeunga, na mguu uko palepale. Mwaka 1874 Lister alimwandikia Pasteur barua ya kumshukuru.

Basi nikafuata utaratibu wa wodini: uchafu kwanza, dawa baadaye, maana klorini haifiki chini ya utando. Chupa kubwa za kioo nikaziloweka kwa maji ya moto na magadi soda, nikasugua, nikasuuza, ndipo nikachukua klorini iliyozimuliwa. Nusura niharibu. Mzee alikuwa ameshatia siki kwenye chupa moja bila kuniambia, na klorini ikikutana na siki hutoa gesi ya sumu. Na mapafu yale! Bahati nzuri pua yangu iliwahi.

(Bibi kwenye kibuyu chake cha mbege alitia kokoto na maji, akatikisa mpaka mkono uchoke, kisha juani. Jina la Pasteur hajawahi kulisikia.)

Ugomvi ulikuja kwenye ndoo ya plastiki. Ina mikwaruzo, na ukungu hujificha humo, hautoki. Nikasema itupwe pamoja na mipira yote. Mzee akagoma, ndoo hiyo alinunua na mkewe. "Nesi, si ukungu ndio uliotupa penisilini?"

Ni kweli, Fleming aliuona London mwaka 1928. Na pale Oxford, mwanzoni mwa miaka ya 1940, waliuotesha hata kwenye vyombo vya kujisaidia vya wagonjwa, vile ninavyosafisha mimi kila zamu! Februari 1941 wakamdunga polisi mmoja, Albert Alexander. Akapata nafuu, dawa ikaanza kuisha, wakawa wanaichuja tena kutoka kwenye mkojo wake. Haikutosha. Alifariki Machi.

"Ule walihangaika kuuchuja," nikamwambia, "huu wako nani kauchuja?" Akacheka mpaka akakohoa.

Ndoo haikutupwa. Tumeitoboa matundu chini, ina nyanya. Bia inachacha kwenye chupa za kioo, na mimi naingia kazini saa mbili usiku. Msalimieni Bibi.