Shubiri na Subira

Leo tuna neno moja: shubiri. Mara nyingi tunasema "chungu kama shubiri", lakini wengi wetu mmea wenyewe hatuujui.

Mshubiri una majani manene yenye miiba. Ukilikata jani, hutoka utomvu wa manjano. Ukikaushwa hugeuka bonge jeusi, nalo ndilo shubiri ya biashara. Wareno walipokiteka kisiwa cha Sokotra mwaka 1507, shubiri ya huko ilikuwa mashuhuri tangu zamani. Jina tumelipata kwa Waarabu. Katika Kiarabu lina mzizi mmoja na neno la kuvumilia. Kwa hiyo shubiri na subira ni ndugu. Mama aliyepaka shubiri kwenye titi ili kumwachisha mtoto ziwa alizijua zote mbili!

Sasa sikilizeni sana. Utomvu huu huharisha kwa nguvu. Mwenye mimba asiunywe. Mwaka 2002 Marekani ilikataza dawa za kuharisha zenye shubiri zisiuzwe bila cheti cha daktari, kwa kuwa usalama wake haukuthibitishwa. Ute laini wa ndani ya jani, unaopakwa ngozini, ni kitu kingine, msivichanganye.

Haya, chukueni kalamu. Andikeni: shubiri, mshubiri, subira.