Kulirejesha Jalada Moja: Nakala Rudufu na Maandalizi ya Urejeshaji katika Historia ya Kumbukumbu za Kibondo na Kasulu

Utangulizi

Historia ya kumbukumbu za utawala nchini Tanzania imezoeleka kuandikwa kama historia ya kuhifadhi: nini kilitunzwa, wapi, na kwa amri ya nani. Makala haya yanauliza swali jingine: mtu mmoja anapohitaji jalada moja, ni maandalizi gani huliwezesha kupatikana? Swali hili limepata uzito mpya katika zama ambazo seva za taasisi huendeshwa kama mashine pepe katika wingu na kunakiliwa zikiwa nzima. Wilaya za Kibondo na Kasulu zimechaguliwa kwa kuwa historia yake imejaa watu waliotakiwa kuthibitisha walikotoka na lini walifika. Hoja kuu ni kwamba kunakili na kurejesha ni kazi mbili tofauti, na kwamba mafanikio ya kazi ya pili huamuliwa kabla ya siku ya kuhitajika kwake.

Boma na mikrofilamu

Wakati wa utawala wa Waingereza, maofisa wa Buha, kama wenzao kwingineko Tanganyika, walitunza Kitabu cha Wilaya. Humo ziliandikwa nasaba za watawala, mila za wenyeji na mambo ya ardhi na kodi. Kitabu cha namna hiyo kikikaa bomani peke yake, mchwa au moto ungeweza kukimaliza. Baada ya uhuru, Nyaraka za Taifa zilianzishwa mwaka 1963 na kupewa sheria yake mwaka 1965. Vitabu vya wilaya vilipigwa picha za mikrofilamu, na nakala zake zikafika katika maktaba za vyuo vikuu nje ya nchi.

Mikrofilamu ilikuwa nakala rudufu kwa maana kamili ya neno: ilichukua kitabu kizima kwa mfuatano wa kurasa zake. Hata hivyo, haikumwonyesha msomaji ukurasa autakao. Mtafiti anayefuatilia utawala wa Mwami Theresa Ntare, aliyeshika utawala wa Heru mwaka 1946, sharti ajue kwanza kwamba Heru imo Kasulu, na kwamba Kasulu ilikuwa katika Jimbo la Magharibi. Anayelijua jina tu huzungusha filamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ugumu uliongezeka pale utawala wa machifu ulipofutwa mwaka 1963 na watu kuhamishiwa vijiji vya ujamaa katika miaka ya 1970. Nakala ilibaki salama, lakini ramani ya kuifikia ilibadilika.

Kambi, kadi na hifadhidata

Mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi yaliwaleta Kigoma maelfu ya wakimbizi. Wengi walipelekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine walijitafutia makazi katika vijiji vya Kigoma. Serikali ilipotoa uraia wa tajinisi kwa zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo matatu, thamani ya kumbukumbu ya kuwasili ilionekana wazi. Waliokuwa ndani ya makazi walikuwa na orodha zilizowataja. Waliobaki vijijini, zaidi ya 20,000, hawakuwa katika orodha hizo.

Wimbi la pili lilifuata kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye mwezi Oktoba 1993. Kambi kama Mtabila na Muyovosi zilifunguliwa Kasulu, na Nduta na Kanembwa zikafunguliwa Kibondo. Nyarugusu iliwapokea Wakongo tangu mwaka 1996. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na wakazi wake wakarudishwa Burundi. Ghasia za mwaka 2015 ziliwaleta tena Warundi, miongoni mwao waliowahi kuishi kambini hapo awali, na Nduta ikafunguliwa upya mwezi Oktoba mwaka huo.

Kwa mtu wa namna hiyo, kumbukumbu ya zamani yaweza kuwa ushahidi wa undugu, wa umri wa mtoto, au wa mahali alipozaliwa. Hapa ndipo tofauti ya kunakili na kurejesha inapodhihirika. Kuirudisha hifadhidata nzima ya zamani juu ya ile mpya kungefuta usajili wa waliofika baadaye. Kinachotakiwa ni kumbukumbu ya mtu mmoja, itolewe bila kuwagusa wengine. Mfumo wa usajili wa UNHCR, proGres, katika matoleo yake ya awali ulitegemea seva za ofisi husika. Toleo la nne, lililoanza kusambazwa mwaka 2015, linafikiwa kupitia mtandao. Mabadiliko hayo yalihamisha mahali pa nakala, lakini hayakuondoa haja ya kujua jalada liko wapi ndani yake.

Mashine pepe na maandalizi yake

Nakala ya mashine pepe ni taswira ya diski nzima: mfumo endeshi, programu na mafaili. Ili kutoa faili moja bila kuifufua mashine yote, taswira huunganishwa kwa muda na mashine nyingine kama diski ya ziada, faili likanakiliwa, kisha taswira ikaondolewa. Kazi hii hushindikana kwa sababu zinazoweza kuonekana mapema.

Kwanza, mashine ya kurejeshea sharti iweze kuusoma mfumo wa mafaili na mpangilio wa diski uliomo katika nakala. Pili, funguo za diski iliyosimbwa zitunzwe nje ya seva yenyewe. Zikipotea pamoja nayo, nakala haifunguki. Tatu, njia ya mtandao na ruhusa za watumishi ziwe tayari. Nne, faili la hifadhidata lililonakiliwa wakati likiandikwa laweza kutofunguka, hivyo hifadhidata inahitaji pia nakala ya aina yake. Tano, muda wa kutunza nakala uzidi muda ambao kosa huchukua kugundulika: nakala za siku 30 hazimsaidii anayegundua upungufu siku ya 40.

Aidha, anayefungua taswira ili kupata jalada la mmoja huweza kuona majalada ya wote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalifanya jambo hili kuwa la kisheria pia: ni lazima ijulikane nani anafungua na kwa sababu gani. Kibondo na Kasulu ziliunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022 baada ya kutegemea jenereta za dizeli. Umeme huo unarahisisha utunzaji wa nakala; haumfundishi mtumishi kuzisoma.

Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mikrofilamu, orodha za wakimbizi na mashine pepe zina udhaifu mmoja: nakala ya kila kitu isiyo na faharasa humwacha mwombaji mlangoni. Inapendekezwa kwamba taasisi za wilaya hizi ziweke rejesta inayoonyesha kila aina ya jalada limo katika mashine ipi na folda ipi, na kuitunza historia ya majina ya maeneo yaliyobadilika. Inapendekezwa pia zijaribu, angalau mara moja kila robo mwaka, kurejesha faili moja katika folda ya pembeni na kulilinganisha na la asili, huku matokeo ya jaribio yakiandikwa na kutiwa saini.