Mawimbi Juu ya Mpingo

Chukua kabati lolote la kifahari lililotengenezwa Amsterdam, Antwerp au Augsburg katikati ya karne ya 17, ulitazame kwa karibu. Utaona mbao nyeusi tii, droo ndogondogo, na kuzunguka kila droo kuna mkanda mwembamba wa mbao ulionyanyuka kidogo. Mara nyingi mkanda huo haukulainishwa. Una vijiwimbi vilivyofuatana kama mchanga wa ufukweni maji yanapokupwa, kila kimoja sawa na mwenzake. Watu wengi kwenye makumbusho hupita hapo haraka, wakitafuta michoro iliyofichwa ndani ya milango. Mimi nadhani hadithi nzito zaidi iko kwenye mkanda.

Tuanze na kazi yake, maana urembo wa samani mara nyingi una kazi unayoificha. Mbao haitulii. Hewa ikiwa na unyevu inapanuka, kukiwa kukavu inasinyaa, na mahali vipande viwili vilipokutana patafunguka ufa siku moja. Ukipita Keko, Dar es Salaam, utaona mafundi wakibandika kingo za urembo kwenye milango ya makabati kwa gundi na misumari midogo. Mteja anaona nakshi, fundi anajua kwamba amefunika maungio. Seremala wa Ulaya miaka 400 iliyopita alikuwa na akili hiyohiyo. Tena yeye alikuwa na sababu ya ziada: mpingo ulikuwa ghali mno kwa kujengea kabati zima. Mwili wa kabati ulikuwa wa mwaloni au msonobari, kisha juu yake yakabandikwa mapande membamba ya mpingo, yale tunayoyaita vinia. Ukingo uliziba mahali vinia zilipokutana, ukaligawa kabati katika vyumba vya mraba, na mtazamaji akabaki na picha ya gogo moja zito jeusi. Kwa hiyo, ndiyo, ni udanganyifu kidogo. Lakini ni udanganyifu uliofanywa na watu wanaojua kazi.

Hapa niweke neno moja la tahadhari kuhusu jina. Sisi tunasema mpingo tukiwa na maana ya mti wetu wa Lindi na Mtwara, ule wa vinyago vya Wamakonde, ambao Wazungu hutengenezea zumari zao za klarineti. Kitaalamu huo ni Dalbergia melanoxylon, ndugu wa jamii ya mikunde. Mbao nyeusi ya makabati haya ilitoka kwenye miti ya jamii nyingine kabisa, Diospyros. Kiswahili kimeiweka yote kwenye kapu moja kwa sababu ya weusi wake, na katika makala hii nami nitafuata mazoea ya lugha.

Sasa, weusi huo ndio uliozaa mawimbi. Mchongaji akichonga ua kwenye mwaloni, kivuli kinaingia kwenye mashimo na ua linaonekana hata ukiwa mlangoni. Achonge ua lilelile kwenye mpingo: kivuli cheusi juu ya mbao nyeusi ni sawa na kuandika kwa wino juu ya makaa. Kinachoonekana kwenye mpingo uliosuguliwa vizuri ni mng'ao, basi. Hivyo ukitaka jicho lisimame, inabidi uuvunje huo mng'ao vipande vipande. Vijiwimbi vinafanya hivyo hasa. Kila mgongo wa wimbi unadaka nukta yake ya mwanga, na kwa kuwa mwanga wa nyumba zile ulikuwa wa mishumaa, usiotulia, nukta zote zinacheza unapotembea mbele ya kabati. Mafundi wa Kijerumani waliuita mkanda huo Flammleiste, yaani mkanda wa miali. Ni moja ya majina machache ya ufundi yanayoeleza kitu kilivyo kikiwa kinatumika, gizani, moto ukiwa umewashwa. Chini ya taa nyeupe za makumbusho ya leo, nusu ya kazi imelala.

Swali linalofuata kila mtu huliuliza: mkono wa binadamu unawezaje kuchonga mawimbi elfu moja yanayofanana? Jibu ni kwamba hauwezi, na haukufanya hivyo. Vilichongwa na mashine.

Kwa desturi sifa ya uvumbuzi hupewa fundi wa Nürnberg aliyeitwa Johann Schwanhardt, aliyefariki mwaka 1612. Mfaransa André Félibien aliieleza mashine ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1676, na miaka michache baadaye Joseph Moxon akawaeleza Waingereza katika kitabu chake cha kazi za mikono. Hakukuwa na mvuke wala maji ya kuzungusha gurudumu. Ilikuwa fremu ndefu ya mbao juu ya benchi. Katikati kilisimama kisu cha chuma, wima, makali yake yamekatwa kwa umbo la ukingo unaotakiwa. Mbao iliwekwa chini ya kisu, na pamoja nayo kipande kirefu cha kielelezo chenye mawimbi. Mbao ikivutwa, kielelezo kinakinyanyua kisu na kukishusha, kinanyanyua, kinashusha. Kisu hakikati kama randa bali kinakwaruza, kinaondoa vumbi tu. Unarudisha mbao mwanzo, unashusha kisu kidogo, unavuta tena. Na tena. Mpingo ni mgumu na hukatika kwa visehemu ukiuonea haraka, ila ukiukwaruza taratibu unatoa sura safi kuliko karibu mbao yoyote.

Wako wanaohuzunika wakilisikia hili, kana kwamba kabati limepungua thamani. Siwaelewi sana. Tumezoea kugawa historia ya ufundi katika vipande viwili, mkono mtakatifu wa zamani halafu mashine iliyokuja kuharibu, na mkanda huu haukai upande wowote. Ulikuwa kifaa cha kisasa cha wakati wake, na matajiri waliupenda kwa sababu hiyohiyo: usawa ambao mkono hauufikii. Na bado kulikuwa na mtu anayevuta, siku nzima, akikohoa vumbi jeusi.

Mmoja wa mafundi hao tunaijua sura yake. Herman Doomer, mzaliwa wa Ujerumani aliyehamia Amsterdam, alikuwa bingwa wa mpingo, na kabati moja la mpingo na lulumizi lililoko Rijksmuseum linahusishwa naye. Mwaka 1640 Rembrandt alimchora. Picha iko Metropolitan Museum, New York. Amevaa kofia nyeusi pana, kola nyeupe, uso mtulivu wenye nuru upande mmoja. Hakuna patasi wala kipande cha mbao, hakuna chochote cha kukuambia kwamba huyu ni fundi. Ungedhani ni mfanyabiashara wa nafaka. Nahisi ndivyo alivyotaka, na alistahili, maana fundi wa mpingo hakuwa sawa na seremala wa kawaida. Ufaransa nako ilikuwa hivyo: Jean Macé, aliyejifunza kazi katika nchi za Waholanzi, alipewa makazi ndani ya Louvre mwaka 1644 kama seremala wa mpingo. Kutokana na ébène, yaani mpingo, Wafaransa wakapata neno ébéniste kwa fundi wa samani za hali ya juu.

Doomer tunamjua. Waliokata miti hatuna picha zao.

Mpingo ulifika Ulaya kutoka sehemu mbalimbali za Bahari ya Hindi, na sehemu moja iliyosifika zaidi ilikuwa Morisi. Waholanzi walitia nanga huko mwaka 1598, wakakiita kisiwa jina la mtawala wao, Maurits, lakini hawakukaa mpaka mwaka 1638, pale kampuni yao ya biashara ya Mashariki, VOC, ilipoamua kujenga ngome upande wa kusini-mashariki. Mpingo wa huko ulikuwa sababu kubwa. Kisiwa hakikuwa na wenyeji. Walikuwepo ndege, kobe wakubwa, na msitu. Basi nani angekata na kuburuta magogo mazito hivyo mpaka pwani? Gavana Adriaan van der Stel alileta watumwa kutoka Madagascar mwanzoni mwa miaka ya 1640. Wengi wao walitorokea ndani ya msitu uleule waliopelekwa kuukata, na kisiwa kikawa na watoro karibu tangu siku zake za kwanza. Van der Stel huyohuyo ndiye aliyeleta miwa na paa wa Java. Kwa hiyo mambo yaliyokuja kuukausha msitu wa Morisi kabisa, mashamba ya sukari hasa, chini ya Wafaransa na Waingereza, yalipandwa na mtu aliyekuja kufuata mbao.

Ndodo, yule ndege asiyeruka ambaye jina lake duniani ni dodo, alitoweka katika miongo hiyo, na dunia nzima inamlilia. Mti hauna waombolezaji wengi. Diospyros tessellaria hukua polepole mno, na sehemu nyeusi ni kiini tu, kimezungukwa na mbao nyeupe isiyotakiwa. Unaangusha mti mzima kwa ajili ya moyo wake. Nikiwaza hivyo, ule mkanda mwembamba wa sentimita mbili unaonekana kwa namna nyingine: ni njia ya kuutandaza moyo huo mdogo juu ya kabati kubwa.

Wasioweza kununua walikuwa na njia yao. Mti wa peasi una nyuzi laini, unakubali kisu cha mashine vizuri, na ukiuloweka rangi nyeusi ni wachache watakaogundua. Fremu nyingi nyeusi za picha za Kiholanzi ambazo tunaziita za mpingo ni peasi iliyopakwa rangi. Uzito huwa unasema ukweli kabla ya macho.

Mwaka 1695 watumwa waliichoma moto ngome ya Frederik Hendrik. Ilijengwa upya, lakini mwaka 1710 Waholanzi walifunga virago na kuondoka Morisi moja kwa moja. Wakati huo mtindo ulikuwa umeshageuka. Paris, André-Charles Boulle alikuwa anapamba makabati kwa shaba na magamba ya ng'amba, wengine walikuwa wamehamia kwenye jozi na mbao za rangi zilizopangwa kama maua, na mishumaa ikang'aa juu ya dhahabu badala ya mawimbi. Mashine za kukwaruza ziliwekwa stoo, zikaja kufufuliwa karne ya 19, wateja walipotaka tena samani zinazofanana na za mababu. Fundi wa samani wa Kifaransa bado anaitwa ébéniste, hata kama maisha yake yote hajawahi kushika kipande cha mpingo.