Kishenga, si Kichocheo

Nimeletewa niihariri tafsiri ya wasifu wa kitaaluma wa Akira Suzuki, mkemia wa Chuo Kikuu cha Hokkaido aliyetunukiwa Nobel mwaka 2010 pamoja na Richard Heck na Ei-ichi Negishi. Lugha yake ni safi, lakini kila ukurasa umechafuliwa na neno moja. Paladiamu ni kichocheo, nikeli ni kichocheo, na utafiti wa miaka mingi wa mzee yule umeitwa "uchochezi wa paladiamu". Uchochezi, kwa msomaji wa Kiswahili, ni kosa la jinai.

Tuanze na mzizi. Kuchocha ni kuingiza kijiti mahali na kukitikisa humo. Kuchochea moto ni kusukuma kuni ndani ya mafiga ili uwake zaidi. Kwa hiyo kichocheo kinaongeza nguvu, na kuni zinazochochewa zinateketea. Kitu tunachokitafutia jina, ambacho Kiingereza hukiita catalyst, hakifanyi lolote kati ya hayo: hakiupi mmenyuko nishati, ila kinaufungulia njia yenye kizingiti cha chini, na kazi ikiisha kinabaki kilivyokuwa. Mkemia Wilhelm Ostwald aliyaeleza haya katika miaka ya 1890, akapata Nobel mwaka 1909. Zaidi ya hapo, neno lenyewe limeshachukuliwa: vitabu vya biolojia vinaziita homoni vichocheo, na magazeti yana vichocheo vya uchumi. Mwanafunzi asomaye kemia asubuhi na biolojia mchana atajuaje tofauti?

Wapo waliopendekeza kichapuzi, kutoka kuchapua mwendo. Ni nafuu, nakiri, ila wamekamata nusu ya habari. Ryoji Noyori, mshindi wa Nobel wa mwaka 2001, alitengeneza vitu vya aina hii vinavyozalisha kwa wingi molekuli ya mkono mmoja kuliko pacha wake wa kwenye kioo. Huo ni uchaguzi, na neno la mwendo haliwezi kuubeba.

Neno langu ni kishenga. Mshenga hupeleka posa, huzikutanisha pande mbili ambazo zenyewe zisingeanza mazungumzo, na ndoa ikifungwa hahamii kwa maharusi. Kesho hutumwa na ukoo mwingine. Tazama sasa chupa ya Suzuki. Ndani yake mna kampaundi mbili, moja ina kaboni iliyoshikana na boroni, nyingine ina kaboni iliyoshikana na bromini. Uzipashe moto utakavyo, kaboni hizo hazitaungana. Tia chembe chache za manjano za kampaundi ya paladiamu, pamoja na besi. Atomu ya paladiamu hujipenyeza kati ya kaboni na bromini. Besi huilegeza boroni hadi iiachie kaboni yake. Paladiamu huzishika kaboni zote mbili, huziunganisha, kisha hujitoa na kwenda kutafuta jozi nyingine. Inapoacha kuzunguka na kutuama chini kama unga mweusi, kazi imekwisha. Suzuki na Norio Miyaura waliutangaza mmenyuko huo mwaka 1979, na siri yao ilikuwa besi, kwa maana bila besi boroni haikuachia kitu. Suzuki hakuuwekea hataza. Leo njia hiyo inatumika kuunganisha pete mbili za losartani, dawa ya shinikizo la damu.

Na Suzuki mwenyewe aliitaje paladiamu kwa lugha yake? Kijapani husema shokubai. Alama ya kwanza ni kugusa. Ya pili, bai, ndiyo inayoandikwa pia katika neno la kuposesha. Wajapani walimwona mshenga ndani ya chupa na hawakuona haya kumtaja. Sisi tulio na mshenga katika kila mtaa wa mwambao tunamkimbilia mchochea moto!

Kamati moja iliwahi kulikataa pendekezo hili kwa madai kwamba ni neno la harusini. Sikupewa hoja nyingine, na barua zangu mbili hazikujibiwa. Hivi kiini cha atomu kilitoka wapi kama si kwenye yai na kokwa? Mkemia Berzelius naye, alipounda jina la Kizungu mwaka 1835, aliliokota katika kitenzi cha Kiyunani cha kufungua na kulegeza, kitenzi cha mtu anayefungua kamba. Istilahi huzaliwa nyumbani kwa watu. Wanaotaka zishuke kutoka mezani kwao ndio waliotuachia orodha ndefu za maneno ambayo hakuna mwalimu anayeyatamka.

Matumizi hayana ugumu: kishenga, vishenga, ngeli ya KI-VI, tendo ni ushenga, neno ambalo tayari tunalo, nasi tutasema mmenyuko umefanyika kwa ushenga wa paladiamu. Tafsiri ile nimeirudisha kwa mchapishaji ikiwa imesahihishwa hivyo tangu ukurasa wa kwanza, na nimemwomba asichape jina langu kama mhariri iwapo kichocheo kitarudishwa.