Hongo ya msafara, fidia ya uwanja wa ndege

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, nchi ya Tabora, haukujipitia tu. Kila ulipoingia kwenye nchi ya mtemi mwingine ulisimama, wapagazi wakatua mizigo, na maneno yakaanza: doti ngapi za merikani, kaniki ngapi, shanga za rangi gani. Malipo hayo ndiyo yaliyoitwa hongo. Leo neno hilo ni la kesi za TAKUKURU. Enzi hizo halikuwa na aibu yoyote, lilikuwa ushuru wa mwenye nchi. Huko Ugogo, hongo iliwatoa jasho wafanyabiashara. Walinung'unika, lakini walilipa.

Wasipoelewana, njia ilifungwa. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo aliwafungia Waarabu wa Tabora njia ya Ujiji. Wakamwendea kwa bunduki, Stanley akiwa pamoja nao, wakarudi wameshindwa. Stanley akalazimika kuzunguka kusini ndipo amfikie Livingstone.

Njia zilizofuata hazikubisha hodi. Wajerumani walimwangusha Mtemi Isike wa Unyanyembe mwaka 1893, na mwaka 1912 reli ikafika Tabora. Vita Kuu ya Kwanza vikaisha, Waingereza wakataka kuruka kutoka Cairo hadi Cape. Mwaka 1919 vikosi vyao vilitafuta mahali pa kutua njia nzima, Tabora ikiwemo. Katika mbuga na miombo ya njia hiyo, kutengeneza uwanja kulikuwa kung'oa visiki na kubomoa vichuguu vya mchwa, baadhi vikiwa virefu kuliko nyumba. Majembe yalishikwa na wenyeji.

Tarehe 27 Februari 1920 ndege aina ya Vickers Vimy, iliyokuwa katika safari ya gazeti la The Times, ilianguka Tabora. Marubani Cockerell na Broome walipona, na mtaalamu wa wanyama Chalmers Mitchell, abiria wao, naye akapona. Safari yao ya kwenda Cape ikafia hapo. Magazeti ya Ulaya yalihesabu maili walizoruka. Habari ya mashamba ya wenyeji haikuyahusu.

Baada ya Uhuru tukajitungia sheria zetu za ardhi, na hapa msomaji anivumilie kidogo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 ilitazama kilichosimama juu ya udongo: mwembe ulihesabiwa, nyumba ikahesabiwa, ardhi tupu haikulipwa. Sheria za Ardhi za 1999, Namba 4 na Namba 5, ndizo zilizosema udongo wenyewe una thamani, zikaongeza posho ya usumbufu, ya usafiri na ya makazi.

Sheria nzuri, lakini iulize Kipawa. Wakazi wa huko, waliokuwa jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, walifanyiwa tathmini mwaka 1997, na malipo yakaja zaidi ya miaka kumi baadaye. Mtu aliyeambiwa asiendeleze nyumba yake anaishi vipi muda wote huo? Hapaki rangi, habadilishi bati linalovuja, na watoto wanakua chini ya bati hilohilo. Sheria ya Uthamini ya 2016 ilijaribu kuziba ufa huo: tathmini ina uhai wa miaka miwili, na fidia ikichelewa kupita miezi sita inadai riba.

Tabora nayo ilipata zamu yake. Katika miaka ya 2010, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, uwanja wake uliingia kwenye mpango mmoja wa uboreshaji na Kigoma na Bukoba. Masharti ya benki hiyo yalidai mpango wa kuwahamisha watu uwepo kabla ya greda, na umjali hata asiye na hati.

Bado kuna kundi ambalo fomu za fidia hazina safu yake. Fidia hulipwa anayeondoka. Hongo ililipwa anayebaki: mtemi na watu wake, ambao kesho yake waliamka palepale, visima vyao vimekwisha kunywewa na wapagazi mia kadhaa. Jirani wa uwanja ambaye bikoni ya mpaka imempita kwa hatua kumi hapati kitu. Anapata kelele, mipaka ya urefu wa jengo lake, na uzio uliokata kinjia cha kwenda shuleni. Mkutano wa mtaa ndio mahali pake pa kusema, nao mara nyingi huitishwa bikoni zikiwa zimeshachimbiwa. Mirambo angewaacha wapimaji wakae nje kwanza, mizigo chini, mpaka hilo la kinjia lizungumzwe.