Nasadiki Mbili

Tetemeko la ardhi hudumu kwa muda gani? Inategemea unamuuliza nani. Katika makoloni ya Hispania kule Amerika, watu wengi hawakuwa na saa ya kuhesabu sekunde. Walioandika habari za matetemeko walipima muda kwa sala: ardhi ilitikisika kadiri ya Nasadiki moja, mbili au tatu. Kipimo hiki nakipenda, ila kama mwanafunzi wa historia kinanisumbua. Mtu anayesali huku ukuta unapasuka husali kwa kasi gani?

Tarehe 18 Aprili 1906, tetemeko la San Francisco lilimkuta mwanasaikolojia William James kitandani huko Stanford. Tayari mwaka 1890 alikuwa amechapisha sura nzima kuhusu namna akili inavyohisi wakati. Kituo cha kuchunguza nyota cha Lick kilitoa sekunde 48. James aliona zinalingana na alivyohisi mwenyewe, lakini wengine walimwambia kwao ulikuwa muda mrefu zaidi.

Kwa nini? Mwaka 2007 David Eagleman na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliachiwa waanguke mita 31 hadi kwenye wavu. Walikadiria anguko lao wenyewe kuwa refu kuliko la wenzao, kwa wastani wa asilimia 36. Hata hivyo, macho yao hayakunasa mambo upesi kuliko kawaida. Kwa maelezo ya watafiti hao, hofu haipunguzi mwendo wa wakati, hujaza kumbukumbu. Siku za kawaida huenda kinyume: daladala ileile, chai ileile, na mwezi umekwisha kabla hujaushika.

Tarehe 10 Septemba 2016, baada ya saa tisa alasiri, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Mtu wa Bukoba akiniambia ardhi ilicheza dakika tano, sitamkata kauli kwa takwimu za mitambo. Mitambo inajua ardhi ilitikisika kwa muda gani. Yeye anajua alikaa muda gani bila kujua mtoto wake yuko chumba gani. Historia inahitaji vipimo vyote viwili. Kosa ni kuandika kimoja kwa jina la kingine.