Matundu ya Mtutu: Jinsi Teke la Bastola Kubwa Lilivyopunguzwa

Mwaka 1955, kampuni ya Smith & Wesson ya Marekani ilipotoa bastola ya risasi ya .44 Magnum, ambayo Elmer Keith, mfugaji na mwindaji wa Idaho, alikuwa ameipigania kwa kalamu yake miaka mingi, ilidhihirika upesi kwamba nguvu ile ilikuwa na gharama yake, na mlipaji wa kwanza alikuwa ni kifundo cha mkono wa mpigaji. Risasi ya gramu 15 na nusu haiwezi kutoka kwa kasi ya mita zaidi ya 400 kwa sekunde pasipo chuma kilichoitoa kurudi nyuma kwa kadiri yake.

Na katika bastola taabu hii ni maradufu, kwa kuwa mtutu umekaa juu ya kiganja, hivyo teke halisukumi nyuma tu, bali huuinua mdomo wa mtutu kuelekea mbinguni na kumpotezea mpigaji shabaha yake. Dawa yake, kwa maneno mepesi, ni kutoboa matundu upande wa juu, karibu na mdomo: hewa ya moto itokanayo na baruti hufoka humo kwenda juu, na kwa kufoka kwake huukandamiza mtutu chini.

Rai hii si ngeni. Huko Ufaransa, katika karne ya kumi na tisa, afisa Treuille de Beaulieu aliishughulikia kwa ajili ya mizinga. Na katika miaka ya 1920 Richard Cutts, afisa wa wanamaji wa Marekani, aliunda kifaa cha namna hiyo kilichokuja kufungwa kwenye bunduki ya Thompson. Lililosumbua ni ufundi wenyewe, maana keekee ikitoboa mtutu uliokwisha kamilika huacha ndani makwaruzo na ncha za chuma, na mtutu wenye makwaruzo ni mtutu ulioharibiwa.

Ajabu ninayoipenda kuliko zote katika habari hii ni kwamba ufumbuzi ulitoka mbali kabisa na ulimwengu wa bastola. Mwaka 1943, katika Muungano wa Kisovieti, Boris Lazarenko na mkewe Natalya, wakichunguza namna cheche za umeme zinavyokula vyuma, waliigeuza balaa ile kuwa chombo cha kazi: cheche zikirushwa ndani ya mafuta hula chuma kigumu taratibu, bila ya patasi wala nyundo kukigusa. Kwa njia hiyo Larry Kelly wa Michigan, katika miaka ya 1970, alikata matundu safi yenye umbo la trapeza na kuyaita Mag-na-port, na kwa maoni yangu anastahili heshima isiyopungua ya wale walioshindana kuongeza ukubwa wa risasi.

Smith & Wesson walipotoa bastola ya .500 mwaka 2003, yenye uzito wa takriban kilo mbili na nafasi za risasi tano tu, kipunguza teke kilikuwa kimekwisha wekwa mdomoni tangu kiwandani. Hata hivyo matundu hayakuondoa kila adha: kishindo humzidia mpigaji masikioni, mwako humpofusha gizani, na mwenye kufyatua bastola akiwa ameikaribisha kifuani huweza kurushiwa usoni hewa ya moto na chembe za risasi. Ndiyo sababu wawindaji wengi, wasiovaa vizibo vya masikio porini, wangali wakichagua mtutu usiotobolewa na kulistahimili teke.